H. E. Lambert: Kutoka Boma la Meru hadi Diwani ya Kiswahili

Katika darasa la ushairi, jina la Lambert hutajwa pamoja na Diwani ya Lambert, kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1971. Katika darasa la isimu, hutajwa kwa sababu ya vijitabu vitatu kuhusu lahaja za mwambao wa Kenya. Katika idara za historia na anthropolojia, hutajwa kila yanapozungumziwa mabaraza ya wazee wa Meru na Embu kabla ya Uhuru. Aghalabu madarasa hayo matatu hayakutani, na mwanafunzi aweza kuhitimu shahada yake asijue kwamba Lambert wa lahaja, Lambert wa mashairi na Lambert wa Njuri Ncheke ni mtu mmoja.

H. E. Lambert, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1967, alikuwa mtawala wa kikoloni kwanza na mwanachuoni wa Kiswahili baadaye. Nusu moja ya maisha yake ya kazi aliitumia kuwatawala watu wa mitelemko ya Mlima Kenya. Nusu nyingine aliitumia kuwasikiliza Waswahili wa pwani. Kuzitenganisha nusu hizo mbili ni rahisi, na wengi wamefanya hivyo: wapenzi wa lugha humsifu mshairi, nao wapinzani wa ukoloni humlaumu mtawala. Hata hivyo, maisha yake hayaeleweki mpaka nusu hizo ziwekwe pamoja, kwa kuwa zinaibua swali linalowahusu wote wanaokusanya lugha, methali na nyimbo za watu. Elimu kuhusu jamii inapokusanywa na mwenye mamlaka juu ya jamii hiyo, je, inamtumikia nani?

Nchi isiyokuwa na machifu

Utawala wa Kiingereza ulifika Embu kwa bunduki mwaka 1906, baada ya vita vilivyowagharimu Waembu maisha ya watu na mifugo mingi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1908, kituo cha serikali kilifunguliwa Meru chini ya E. B. Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi. Toka hapo pande zote mbili zikawa wilaya, kila moja na boma lake, mahakama yake, jela yake na mkuu wake wa wilaya, au Bwana Shauri kama cheo hicho kilivyoitwa zama hizo.

Tatizo la mabwana hao lilikuwa kwamba nchi waliyoiteka haikuwa na mfalme wa kumnyang'anya kiti. Miongoni mwa Waembu, madaraka yalipokezanwa baina ya makundi mawili ya vizazi, Kimanthi na Nyangi. Wambeere walikuwa na mpango uliofanana na huo wa Nyangi na Thathi. Wameru nao waligawanyika katika pande za Kiruka na Ntiba zilizopokezana uongozi, huku Mugwe akishika nafasi ya baraka na ibada, na mabaraza ya wazee yakiamua kesi, mipaka na viapo. Mtu alipanda ngazi za heshima kwa umri, kwa mali aliyotoa na kwa hekima ya maneno yake. Hakuna aliyeitawala nchi nzima peke yake.

Serikali haikuwa na subira ya kuyafahamu hayo yote. Kwa sheria ya mwaka 1902 ilikwisha jipatia uwezo wa kuteua vinara wa vijiji, na kwa njia hiyo ikawaundia Waembu na Wameru machifu. Wengi wa walioteuliwa hawakuwa na mamlaka yoyote ya jadi. Nguvu yao ilitoka bomani, na kazi yao kubwa ilikuwa kukusanya kodi na kutafuta vibarua. Wazee wa mabaraza wakarudi nyuma, wakaendelea kukutana mbali na macho ya serikali. Serikali nayo ikayatazama mabaraza yasiyoonekana kwa shaka, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikavikandamiza vyama kadhaa vya siri ikidai kuwa ni uchawi mtupu.

Hiyo ndiyo nchi aliyoikuta Lambert. Alifanya kazi Embu na pia Meru, na katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 jina lake lilifungamana zaidi na wilaya ya Meru.

Mtawala aliyeuliza

Tofauti ya Lambert na wengi wa wenzake ilikuwa tabia yake ya kuuliza. Maofisa wengi walihamishwa kabla ya kujua hata majina ya rika, na walichokiacha kwenye majalada ni hesabu za kodi na malalamiko juu ya uvivu wa wenyeji. Lambert alikaa na wazee, akafuatilia maana ya istilahi zao, akaandika namna kesi zilivyosikilizwa, namna shamba lilivyopewa mgeni, na namna rika moja lilivyolikabidhi jingine madaraka. Aligundua kwamba kile kilichoonekana kama machafuko kilikuwa ni mfumo wa serikali uliokamilika, wenye ngazi, miiko na taratibu za kukata rufaa.

Kilele cha mfumo huo kwa Wameru kilikuwa Njuri Ncheke, baraza la juu la wazee waliochujwa kutoka mabaraza ya chini. Lambert alishikilia kwamba serikali ingefanikiwa zaidi kama ingetawala kwa kulitegemea baraza hilo kuliko kwa kuwategemea machifu wa kubandikwa. Katika miaka ya 1930 sera hiyo ikaanza kutekelezwa Meru. Njuri ikatambuliwa, wazee wake wakapewa nafasi katika mahakama za wenyeji na katika baraza la wilaya, na jambo lililotakiwa na serikali likapelekwa kwao kwanza ili litoke likiwa na sauti yao. Nchiru, katika nchi ya Tigania, pakajulikana kuwa makao ya Njuri, na hadi leo ndipo inapokutana.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Vijana waliosoma katika misheni walikatazwa na makanisa yao kuingia katika baraza lenye viapo vya jadi, ilhali bila wao Njuri ingebaki ya wasiojua kusoma. Kikwazo hicho kiliondolewa kwa kurekebisha masharti ya kuingia, hata Wakristo wakaweza kujiunga pasipo kuvunja imani yao. Miongoni mwao alikuwa Philip M'Inoti, mmoja wa wachungaji wa mwanzo wa Kimethodisti katika Meru.

Jina la M'Inoti linastahili kuangaliwa na wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu nyingine. Katika zama hizohizo ambapo Lambert alikuwa akiandika ripoti zake kwa Kiingereza, M'Inoti aliandika kwa Kiswahili maelezo kuhusu asili ya Wameru na tabia zao. Maandishi hayo yaliyopigwa taipu yalikuja kutumiwa na wataalamu wa kigeni walioandika juu ya Wameru baada yake. Lambert alichapishwa Cape Town na Oxford. M'Inoti alibaki katika orodha za marejeleo za watu wengine. Mwanzoni kabisa mwa uandishi wa historia ya Wameru, basi, Kiswahili kilikuwapo, tena mikononi mwa Mmeru mwenyewe.

Mambo ambayo wazee hawakuwauliza wasichana

Sera ya Lambert ilikuwa ya kimaendeleo ikilinganishwa na ya waliomtangulia, kwa kuwa ilikubali kwamba Mwafrika alikuwa na serikali yake kabla ya Mzungu. Lakini Njuri lilikuwa baraza la wanaume wazee. Aliyelipa nguvu ya dola aliwapa wanaume wazee nguvu ambayo jadi yenyewe haikuwahi kuwapa. Jambo hilo lilidhihirika zaidi katika suala la tohara ya wasichana.

Katikati ya miaka ya 1920, mabaraza ya wilaya ya Embu na Meru yalikwisha pitisha maazimio ya kupunguza ukali wa mkato. Mwaka 1929 mgogoro mkubwa ulizuka Ugikuyu baada ya misheni kadhaa kuwataka waumini wake waiache mila hiyo, na wimbi lake likaifikia misheni ya Chogoria. Meru kulikuwa na jambo jingine lililowashughulisha maofisa. Kwa desturi ya huko, msichana alitahiriwa akiwa mkubwa, karibu na kuolewa. Mimba iliyoingia kabla ya tohara ilihesabiwa kuwa mkosi, nayo iliharibiwa. Maofisa, Lambert akiwa miongoni mwao, waliona kwamba utoaji mimba ulikuwa ukipunguza uzazi katika wilaya. Dawa waliyoiona ni kuushusha umri wa tohara, ili wasichana watahiriwe kabla ya kubalehe.

Wazee walikubali. Katika miaka ya 1930 na 1940 kukawa na kampeni ambazo wasichana wadogo walikusanywa na kutahiriwa kwa pamoja, askari wa serikali wakisimamia. Wameru waliiita hali hiyo kigwarie, yaani jambo la kushtukiza. Sherehe iliyokuwa ya wanawake, yenye mafunzo yake, nyimbo zake na muda wake wa matayarisho, ikageuzwa kuwa amri ya siku moja. Serikali iliyojitangaza kuwa mlezi wa mila ilikuwa imeikata mila hiyo katikati: ikabakiza kisu, ikatupa mafunzo.

Katika habari hizi, elimu ya Lambert haikuwa na upungufu wa takwimu wala wa istilahi. Upungufu wake ulikuwa wa wasemaji. Aliowauliza walikuwa wanaume wenye vyeo. Mambo ya wanawake aliyapata kupitia kwao. Mtafiti anayeingia kijijini kwa mlango wa baraza hutoka na ukweli wa baraza, na ukweli huo, hata uwe sahihi namna gani, haufiki jikoni wala kisimani.

Kalamu na ardhi

Lambert aliandika mengi. Mwaka 1940 alikamilisha taarifa ndefu kuhusu kuvunjika na kuundwa upya kwa jamii ya Wameru, iliyobaki katika majalada ya wilaya. Mwaka 1945, yeye na P. Wyn Harris walitoa waraka wa sera juu ya umilikaji wa ardhi katika maeneo ya Waafrika. Mwaka 1947, Chuo Kikuu cha Cape Town kilichapisha utafiti wake kuhusu namna mamlaka za kienyeji zinavyoweza kutumiwa katika utawala, mifano yake ikiwa ni ya Wameru. Mwaka 1950 kikafuata kitabu chake juu ya mifumo ya ardhi, na mwaka 1956 kitabu chake kinachojulikana zaidi, Kikuyu Social and Political Institutions, ambacho ndani yake Waembu, Wambeere na Wachuka wametajwa mara nyingi pamoja na Wagikuyu.

Kichwa cha kitabu hicho cha mwisho chenyewe ni somo. Serikali iliziweka pamoja jamii za Mlima Kenya katika eneo moja la ardhi lililopewa jina la Wagikuyu, na mwanachuoni akaufuata mpaka wa serikali. Waembu na Wambeere, wenye lugha zao na makundi yao ya vizazi, wakaingia katika maktaba za dunia chini ya jina la jirani yao. Hadi leo mwanafunzi wa Kiembu au Kimbeere anayetafuta habari za kale za jamii yake hulazimika kutafuta chini ya herufi ya wengine.

Kuhusu ardhi, mwelekeo wa Lambert ulikuwa wa kuziegemea mamlaka za jadi: mbari, ukoo na baraza. Mwelekeo huo haukudumu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulichagua njia ya kumpa kila mwenye shamba hati yake binafsi, na Kenya huru ikaifuata njia hiyo. Upimaji wa ardhi ulipofika Mbeere baada ya Uhuru, koo zilipelekana mahakamani, na kila upande ukaleta wazee wa kusimulia nani alifyeka msitu upi na mgeni gani alikaribishwa na nani. Simulizi zilizokuwa urithi wa pamoja zikawa silaha za kesi. Wajuzi wa historia wakatafutwa na mawakili, na kusahau kukawa na bei kama kukumbuka kulivyokuwa nayo.

Mwaka 1956

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wagikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa katika kapu moja la washukiwa. Misitu ya Mlima Kenya ikawapokea wapiganaji, Musa Mwariama na Baimungi wakitoka upande wa Meru, Kubukubu upande wa Embu. Serikali ikaikumbuka Njuri. Baraza lililotambuliwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya utulivu likatakiwa sasa lisimame hadharani dhidi ya viapo vya Mau Mau. Lambert hakuwa tena mkuu wa wilaya, lakini chombo alichosaidia kukitia nguvu kilikuwapo, na waliomfuata walijua mahali pa kukishika.

Aprili 1956 Njuri ilipitisha kwa kauli moja marufuku ya tohara ya wasichana. Maofisa walifurahi: ilionekana kana kwamba Wameru wenyewe wameamua. Kilichofuata hakikutarajiwa na baraza wala na boma. Wasichana wa Meru, ambao hawakuulizwa wakati askari walipotumwa kuhimiza tohara, na ambao hawakuulizwa tena ilipopigwa marufuku, walinunua nyembe wakatahiriana wenyewe vichakani. Walijiita Ngaitana, jina lenye maana ya kujitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kukiuka amri hiyo. Wengi walitozwa faini, na amri yenyewe ikafifia kabla ya mwongo huo kwisha.

Tukio hilo si hoja ya kuitetea mila ambayo imewaumiza wanawake wengi. Ni ushahidi kwamba amri njema iliyopitishwa na wasiohusika juu ya miili ya wanaohusika huweza kuzaa ukaidi mahali pa maendeleo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inapiga marufuku ukeketaji, na imepata msingi imara zaidi pale ambapo wanawake wenyewe, akina mama na walimu wa Meru, Tharaka na Embu, wamekuwa wasemaji wa mabadiliko. Tofauti baina ya 1956 na sasa haimo katika maneno ya marufuku, bali katika midomo inayoyatamka.

Mwanafunzi wa mwambao

Mwaka huohuo wa 1956, wasichana wa Meru walipokuwa wakisimamishwa mbele ya mahakimu, Lambert alikuwa amekwisha elekeza moyo wake kwingine. Baada ya kuondoka katika utawala wa wilaya alijitia katika Kiswahili, akifanya kazi pamoja na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kamati hiyo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1930 ili kusanifisha lugha, ikahamia Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952.

Usanifishaji ulikuwa umeegemea Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Lahaja nyingine zilibaki nje ya vitabu vya shule, na baadhi ya wasomi wa wakati huo waliziona kama makosa ya kusahihishwa. Lambert alikwenda kinyume na mkondo huo. Mwaka 1957 alitoa uchunguzi wake wa Chivumba, lahaja ya Vanga na Wasini. Mwaka 1958 vikafuata viwili: kimoja kuhusu Chichifundi cha pwani ya kusini, kingine kuhusu Chijomvu na Kingare vya pande za Mombasa. Alirekodi matamshi, viambishi, msamiati na nyimbo za watu wachache ambao hakuna wizara yoyote iliyokuwa na haja nao.

Hakuishia katika sarufi. Katika jarida la Kamati alichapisha nyimbo za pwani ya kaskazini ya Kenya (1956), na baadaye, jarida lilipokwisha badili jina kuwa Swahili, alichapisha nyimbo za ngoma ya beni, na mwaka 1965 nyimbo za unyago za pwani ya kusini. Uchaguzi huo una uzito wake. Beni ilikuwa sanaa ya vijana wa mijini, makuli na makarani waliovaa sare na kuiga gwaride la wakoloni kwa ubingwa na kwa kejeli. Wasomi wengi waliopenda tenzi za karne zilizopita hawakuona fasihi ndani yake. Lambert aliona. Utamaduni wa watu wa kawaida, uliokuwa ukidharauliwa kuwa kelele za mitaani, ukapata nafasi katika jarida la kitaaluma, na watafiti wa beni waliokuja baadaye walianzia hapo.

Kwa upande wa nyimbo za unyago, mtu aweza kuhisi kwamba mwanachuoni huyu alikuwa amefika mahali ambapo mtawala hakufika. Meru alisikia juu ya jando la wasichana kutoka kwa wazee wa kiume. Pwani aliziandika nyimbo zenyewe. Hata hivyo, kalamu haikupona kabisa ugonjwa wake wa zamani. Mara nyingi waimbaji hubaki kuwa kundi tu, bila nasaba wala wasifu, ilhali jina la mkusanyaji hukaa juu ya ukurasa.

Katika kipindi hicho pia Lambert alitunga mashairi kwa Kiswahili, kwa kufuata kanuni za vina na mizani alizojifunza kutoka kwa Waswahili. Hakuishi kuyaona katika kitabu. Alifariki mwaka 1967, na Diwani ya Lambert ikatoka miaka minne baadaye. Kitabu hicho kilitoka katika wakati wa mabishano. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilichapishwa mwaka 1973 kutokana na tungo za gerezani, na Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ikafuata mwaka 1974 ikizivunja kanuni ambazo Mwingereza huyu alizishika kwa heshima. Ni kinaya cha historia kwamba aliyewahi kuwa bwana wa wilaya aliandika kama mwanafunzi mtiifu, huku wana wa nchi wakidai uhuru wa kuandika watakavyo.

Urithi na deni

Maisha ya Lambert yanakataa kugawanywa baina ya mema na mabaya kwa mstari ulionyooka. Sikio lililowasikiliza wazee wa Nchiru ndilo lililowasikiliza wavuvi wa Wasini. Sikio hilo liliihifadhi elimu ambayo pengine ingepotea, na kwa wakati mmoja liliipatia serikali ya kikoloni mkono mrefu zaidi. Asingekuwa hodari wa kusikiliza, Njuri isingeingia katika mpango wa utawala kwa urahisi ule. Ubora wa utafiti haukuwa kinga dhidi ya matumizi yake. Ndio uliofanya matumizi hayo yawezekane.

Suala hili halijapitwa na wakati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuhimiza njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke haki za msingi. Njuri Ncheke bado hukutana, bado huombwa na wanasiasa iwabariki, na bado huulizwa kwa nini wanawake hawana sauti sawa ndani yake. Wanaotaka kulijibu swali hilo kwa ushahidi watarudi kwenye kurasa za Lambert, kwa sababu ni chache zilizoandikwa mapema na kwa makini kiasi hicho. Wanapaswa kurudi wakijua ni nani aliyeulizwa na nani aliyeachwa.

Kadhalika kwa upande wa lugha. Chivumba, Chichifundi na Chijomvu vinaendelea kupungua nguvu mbele ya Kiswahili Sanifu cha shule na redio, na vijitabu vya miaka ya 1950 vinazidi kuwa na thamani. Kiembu, Kimbeere, Kitharaka na lahaja za Kimeru nazo zina msamiati wa sheria, ukoo na ardhi ambao haujakusanywa wote katika kamusi. Eneo ambalo katika siku za Lambert lilikuwa na boma na misheni leo lina vyuo vikuu: Chuka na Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na Embu mwaka 2016. Mwanafunzi wa Chuka anayeandika tasnifu yake kwa Kiswahili kuhusu mabaraza ya Tharaka anafanya kazi aliyoianza M'Inoti kwa taipureta, na ana kitu ambacho Lambert hakuwa nacho: anaweza kuketi na nyanya yake.

Vifaa vimebadilika. Simu ya mkononi hurekodi kwa saa moja sauti ambazo Lambert angezihangaikia kwa wiki nzima kwa kalamu. Lakini kifaa hakimchagulii mtu wa kumuuliza, wala hakiandiki jina la aliyejibu. Hifadhi kubwa za lugha zinazojengwa kwa kompyuta zinaweza kurudia kosa lilelile kwa kasi zaidi, zikakusanya maneno ya maelfu ya wasemaji na kumwacha kila mmoja bila jina na bila fungu.

Lambert aliacha diwani, vijitabu vya lahaja, nyimbo na maelfu ya maelezo juu ya Meru na Embu. Deni lililobaki ni kuwarudisha katika kurasa hizo watu waliokuwa nyuma yake: mzee aliyefafanua kiapo, mwimbaji wa beni, mwanamke wa pwani ya kusini aliyeukumbuka wimbo wa unyago, na msichana wa Meru ambaye mwaka 1956 hakuna aliyeuliza rai yake. Wengi wao majina yao hayatapatikana tena. Ya wale walio hai leo bado yanaweza kuandikwa.